Mshale wa kwanza wa upinde wa mtambo: anza na mkia, ncha itasubiri

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu mishale ya upinde wake mpya huanza na ncha. Ipi kali zaidi? Ipi huzama zaidi? Wawindaji wanatumia ipi? Mimi huuchukua mshale, nikaugeuza, nikamwonyesha mkia. Hapo hamu hupungua kidogo, maana mkia wa mshale hauna mvuto wowote: kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Lakini kwa muda wote ambao nimepiga shabaha kwa upinde wa mtambo, na kuwasaidia wanaoanza, pinde zote nilizoona zikiharibiwa na mshale ziliharibikia nyuma, pale plastiki ile inapokutana na upote, ile kamba ya upinde. Sijaona hata mmoja ulioharibika kwa kuwa ncha ilikuwa butu.

Nieleze kwanza ni chombo gani ninachokisema. Upinde wa mtambo ni ule uliofungwa kimkingamo juu ya mti wenye kitako kama cha bunduki. Unavuta upote mpaka unase kwenye komeo, unalaza mshale kwenye mfereji wa reli, unalenga, unabonyeza triga. Aliyetoka kwenye bunduki ya upepo huudhania mshale kuwa risasi tu, chochote kinachoingia kitatoka. Aliyetoka kwenye upinde wa kawaida hufikiri mishale yake ya zamani itafaa akiikata iwe mifupi. Wote wawili wanasahau jambo moja: katika chombo hiki mshale ni sehemu ya mashine. Nguvu iliyojaa kwenye mikono ya upinde, zile pande mbili zinazopinda, lazima ipate pa kwenda, na pahala pake ni mshale. Mshale usipoipokea, itarudi kwenye mikono yenyewe, kwenye kapi kama upinde una kapi, na kwenye upote. Hicho ndicho kinachoitwa kufyatua mtupu, na upinde unaweza kufa kwa mara moja tu.

Sasa, mtu anaweza kufyatua mtupu huku mshale umelala palepale kwenye reli. Hili ndilo linalowashangaza wengi. Niliwahi kusimama hatua chache kutoka kwa mpigaji aliyekuwa amepewa mishale ya bure na rafiki, mizuri kwa macho, mipya, urefu sawasawa na ile iliyokuja na upinde wake. Tofauti ilikuwa noki peke yake. Noki ndiyo ile plastiki ya mkiani ninayoisema. Upinde wake ulitaka noki ya nusu mwezi, na ile ya rafiki ilikuwa bapa. Mishale kadhaa ilikwenda vizuri. Kisha ukatokea mlio ambao ukiusikia mara moja hutausahau, mkavu, kama mti mbichi unaopasuliwa. Mshale ulianguka miguuni pake, upote ulikuwa umeupita kwa juu, na mkono mmoja wa upinde ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Hakuna aliyeumia, kwa bahati. Upinde ulirudi kiwandani.

Kwa hiyo noki kwanza. Aina utakazokutana nazo si nyingi. Noki bapa uso wake ni tambarare, upote unausukuma bila kushikana nao. Ya nusu mwezi ina mfuo mmoja mpana, wa mviringo, ambamo upote unatulia. Ipo yenye mfuo wa kina zaidi, ambayo inauma upote kidogo jinsi mshale wa upinde wa kawaida unavyouma. Na ipo yenye mifuo kadhaa iliyopishana, iliyobuniwa ili upote upate pa kukaa hata mshale ukiwa umezunguka kidogo. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine kwa kila upinde. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na upinde wako kitataja aina moja, wakati mwingine mbili, na hapo mjadala umekwisha. Mtengenezaji anajua upote wake unapita juu ya reli kwa kimo gani na anajua kizuizi chake cha kufyatua mtupu kinasubiri kusukumwa na umbo gani. Pinde nyingi za siku hizi zina kizuizi hicho: kikomeo kidogo kinachokataa triga mpaka mshale uingie. Ni kitu kizuri. Lakini kimepimwa kwa noki iliyotajwa, na noki ngeni yaweza kukidanganya, kikaachia wakati upote haujagusana na mshale inavyotakiwa.

Kama umenunua upinde uliotumika na kitabu hakipo, watengenezaji wengi wameweka vitabu vyao kwenye intaneti. Tafuta kwa jina la modeli lililoandikwa kwenye mti wake. Usiulize muuzaji peke yake. Wapo wanaojua sana, na wapo wanaouza kilichopo rafuni.

Noki ya nusu mwezi ina sharti lake jingine. Mfuo wake lazima ulale sambamba na upote, na hilo linategemea bawa la rangi tofauti. Mishale mingi ya upinde wa mtambo ina mabawa matatu ya plastiki: mawili ya rangi moja, la tatu la rangi yake. La tatu ndilo linaloingia chini, kwenye mfereji wa reli. Noki ikiwa imegundishwa vibaya kiwandani, ukiweka bawa chini mfuo unakuwa umeinama, na upote unakaa kwenye kingo badala ya kukaa ndani. Nimeona mshale wa namna hiyo katika pakiti mpya kabisa, kati ya wenzake waliokuwa sawa. Ndiyo maana kila mshale mpya huutazama kwa nyuma, mmoja mmoja, kabla haujagusa upinde. Ni kazi ya muda mfupi.

Na ukishauweka, usukume nyuma mpaka uguse upote. Usikisie, tazama. Nafasi ya upana wa kalamu kati ya noki na upote inatosha kumfanya upote ushike kasi kabla ya kukutana na mshale, na kinachofuata ni kipigo badala ya msukumo. Kile chuma chembamba au brashi inayokandamiza mshale kwa juu imewekwa ili usiteleze mbele ukiinamisha upinde. Haina kazi ya kurekebisha ulichoacha katikati ya reli.

Baada ya noki, uzito. Hapa ndipo wanaoanza hubishana nami zaidi, kwa sababu maboksi ya pinde yameandikwa mwendo kwa herufi kubwa, na mwendo huo mara nyingi umepimwa kwa mshale mwepesi kadiri upinde unavyoruhusu. Mtu akinunua mishale mizito kidogo anahisi ameibiwa.

Mishale hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani ambacho hakijatoka kwenye fani hii. Greni 100 ni gramu 6.5 hivi. Mishale mingi ya pinde za ukubwa kamili huangukia kati ya greni 350 na 500, yaani gramu 23 mpaka 32, ncha ikiwemo. Kitabu cha upinde kitataja uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa. Chini ya hapo unaanza kuusogelea ule ufyatuaji mtupu, taratibu, bila mlio wa kukushtua: mshale mwepesi hauchukui nguvu yote, iliyobaki inatikisa mikono na skrubu kila unapobonyeza triga. Upinde hautavunjika siku hiyo. Utachakaa kabla ya wakati wake.

Kuna mtego wa kuangalia hapa. Uzito unaotajwa kwenye kitabu kwa kawaida ni wa mshale mzima, wakati pakiti ya mishale dukani yaweza kutaja uzito wa wano, yaani ule mti wenyewe, bila ncha. Mwingine anajumlisha vibaya, mwingine hajumlishi kabisa. Njia yangu ni kuupima mshale uliokamilika, na ncha yake imefungwa, kwenye mizani ndogo ya kidijitali. Inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Zidisha gramu kwa 15.43 upate greni.

Mzee aliyenifundisha kupiga shabaha alikuwa na jibu lake kwa wapenda mwendo. Nilipomlalamikia kwamba mishale aliyonichagulia ingekuwa ya polepole, alicheka.

"Mwendo wa kukimbilia wapi, mwanangu? Shabaha imefungwa pale."

"Lakini Mzee, itashuka njiani."

"Itashuka. Na kesho itashuka vilevile. Kinachoshuka sawasawa kila siku unakirekebisha kwenye darubini ya kulengea mara moja."

Hesabu inamuunga mkono. Chukua upinde unaorusha mshale wa gramu 26, greni 400 hivi, kwa mwendo wa mita 91 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 108 hivi. Uwekee upinde uleule mshale wa gramu 30, na tuseme nishati haikuongezeka hata kidogo: mwendo unashuka hadi mita 85 kwa sekunde. Ukiacha upinzani wa hewa, mshale mwepesi ukifika kwenye shabaha ya mita 20 utakuwa umeshuka sentimita 24, na mzito sentimita 27. Sentimita tatu. Kwenye mita 30 ni 53 dhidi ya 61. Tofauti hiyo ni mizunguko michache ya skrubu ya darubini. Na katika maisha halisi mshale mzito huvuna nguvu ya upinde vizuri zaidi kuliko mwepesi, kwa hiyo hasara ni ndogo kuliko hesabu yangu. Faida unaisikia kwa masikio: upinde unapiga kelele kidogo, unatetemeka kidogo, na wewe unaacha kufumba macho unapobonyeza triga. Kwa anayeanza, kuacha kufumba macho kunaongeza shabaha kuliko mita yoyote ya mwendo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwenda juu kidogo ya uzito wa chini uliotajwa, greni 30 hadi 60 zaidi, na kukaa hapo.

Urefu haunichukulii muda. Pinde nyingi hutaka inchi 20 au 22, sentimita 51 au 56. Baadhi fupi hutaka pungufu ya hapo. Kipimo ni cha wano, ncha haihesabiwi. Fuata kilichoandikwa. Usipunguze. Mshale mfupi kuliko unaotakiwa waweza kuiacha ncha ikae ndani ya reli badala ya kutokeza mbele, na ncha yenye visu pana ikikaa ndani itakata kitu, huenda kidole chako. Vile vipinde vidogo vya mkono mmoja, vyenye umbo la bastola, vina mishale yake mifupi ya inchi 6.5 hivi, na haibadilishani na hii kwa namna yoyote.

Wano la mbao lisahau. Upinde wa mtambo wa kisasa una nguvu ya kuupasua mti wa mbao juu ya reli, mbele ya uso wako. Uchaguzi wa kweli ni kati ya alumini na nyuzi za kaboni.

Kaboni ndiyo inayosifiwa, na sifa nyingi ni za haki. Ni ngumu, ni nyepesi, haipindi: ama imenyooka ama imevunjika. Tatizo kwa anayeanza liko katika hilo la pili. Ufa wa kaboni unaweza kujificha. Mshale umegonga fremu ya shabaha, au umegongwa na mwenzake, unaonekana mzima, na mara ifuatayo unapasukia kwenye reli na kutawanya vijiti vikali kama sindano. Kwa hiyo anayetumia kaboni lazima auchunguze mshale kila anapouchomoa. Ninavaa miwani na glavu, nashika miisho yote miwili, naukunja kidogo kuelekea mbali na uso, nauzungusha, naukunja tena, nikisikiliza mlio wowote wa kuchanika. Kisha napitisha pamba juu ya wano lote. Pamba ikinasa mahali, pale kuna uzi ulioinuka, na mshale huo nauvunja vipande viwili ili asije mwingine akauokota.

Alumini inapinda. Watu wanaitaja kama aibu yake, mimi naiona kama uaminifu wake. Mshale wa alumini ulioharibika unajitangaza: uviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka utauona ukirukaruka, au mwanga ukipita chini yake na kufunga. Mtu ambaye bado hajajenga tabia ya uchunguzi anahitaji kifaa kinachosema chenyewe. Mara nyingi pia ni mzito kuliko kaboni ya bei yake, jambo ambalo, kama nilivyosema, si baya. Basi ikiwa kitabu cha upinde kinaruhusu alumini, seti ya kwanza mimi huchagua alumini. Zipo pinde za kasi sana ambazo watengenezaji wake wanataka kaboni ya aina fulani tu, na hapo sina la kuongeza.

Ukiona kwenye alumini tarakimu nne kama 2219, usizipite. Mbili za kwanza ni kipenyo cha nje kwa sehemu za 64 za inchi, mbili za mwisho ni unene wa ukuta kwa sehemu za elfu moja. Kwa hiyo 2219 ni bomba la milimita 8.7 lenye ukuta wa nusu milimita hivi, na 2216 ni kipenyo kilekile chenye ukuta mwembamba zaidi, jepesi zaidi. Mishale miwili inayofanana kabisa ikiwa imelala mezani inaweza kuwa na uzito tofauti kwa sababu ya tarakimu hiyo ya mwisho.

Kwenye kaboni utaona namba nyingine: 0.006, 0.003, 0.001. Hiyo ni inchi, kiasi ambacho wano linaruhusiwa kutoka kwenye mstari ulionyooka. Ya kwanza ni milimita 0.15, ya mwisho 0.025. Bei hupanda haraka ukiikaribia ya mwisho. Kwa mita 20, mikononi mwa mtu anayeanza, sijaona anayeweza kuitofautisha 0.003 na 0.001 kwa kutazama matundu kwenye karatasi. Ninachokijali zaidi ni mishale ya seti moja kulingana uzito. Ukiipima na kukuta ya seti moja inatofautiana kwa greni 15, rudisha.

Kuhusu mabawa sina mengi. Yawe yamegundishwa imara, yasiwe na kingo zilizochanika, na yasisugue reli. Mabawa yaliyopindishwa sana ili kuuzungusha mshale hewani ni mazuri kwenye mfereji mpana na mabaya kwenye mwembamba. Weka mshale polepole kwa mkono, upinde ukiwa haujavutwa, uone kama unapita huru. Mishale mingi ya zamani ya Ulaya ilikuwa na mabawa mawili tu, ya ngozi au ubao mwembamba, ili ilale bapa juu ya mti usio na mfereji, nayo iliruka vizuri tu. Tatu si namba takatifu, ila reli ya leo imechongwa kwa ajili yake.

Sasa ncha, tumefika. Kwa anayeanza ni ncha za mazoezi: chuma cha mviringo kilichochongoka, kinachoingia kwenye shabaha na kutoka bila kuchana. Zinauzwa kwa uzito, greni 100, 125 na 150 ndizo za kawaida, na nyingi zina skrubu ya kipimo kilekile cha 8-32, kwa hiyo zinabadilishana. Kubadilishana huko ndiko kunakowaponza watu. Ukitoa ya 100 ukaweka ya 150, umebadilisha mshale: uzito wote, mahali unapopiga, na mizani yake hewani. Chagua moja, zote ziwe hizo. Mimi huenda na 125 kama uzito wa mwisho unaruhusiwa.

Ile mizani ya hewani inapimika, na nimeona watu wakiifanya ionekane elimu ya anga. Ulaze mshale wenye ncha yake juu ya kidole au ukingo wa rula mpaka usimame bila kuinama. Weka alama. Pima kutoka mkiani hadi alama, toa nusu ya urefu wa wano, gawanya kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Wano la sentimita 50.8 likitulia kwenye sentimita 31.5 linakupa asilimia 12. Kati ya 10 na 15 mshale wa upinde wa mtambo kwa kawaida huruka bila kuyumba. Ikiwa chini ya hapo, mkia unaanza kushindana na kichwa. Mishale mingi ya dukani imeshapangwa ndani ya kiwango hicho, kwa hiyo kipimo hiki kifanye mara moja ujue, kisha endelea na mengine.

Vigumba vya mawindo, vyenye visu, viache mpaka mishale yako ya mazoezi iwe inapiga pamoja ndani ya upana wa kiganja. Visu vinashika upepo kama bawa la mbele, na kila kosa dogo la noki au wano lililopinda vinalikuza. Vinaharibu pia shabaha za gunia, ambazo zimetengenezwa kwa ncha za mviringo.

Kuhusu shabaha, ninene haya mawili tu. Upinde wa mtambo unaizamisha mishale ndani sana, na kwenye povu la bei ndogo msuguano unaliyeyusha povu likagandana na wano. Unavuta, mshale hautoki, mabawa yanabaki ndani. Ununue kipande cha raba ya kushikia mshale wakati wa kuchomoa, bandika kiganja kingine kwenye shabaha kuuzunguka mshale, vuta kwa mstari ulionyooka, na hakikisha hakuna aliyesimama nyuma yako, maana mshale ukiachia ghafla mkia wake ndio unaotangulia. La pili: usipige mishale yote kwenye alama moja. Upinde huu una usahihi wa kutosha kumfanya hata anayeanza apige mshale juu ya mshale, na kile kinachoshangiliwa na watazamaji ni mishale miwili iliyokufa. Chora alama tano au sita, mshale mmoja kila alama.

Hilo linakwenda pamoja na namba. Andika namba kwenye kila mshale kwa kalamu ya wino usiofutika, karibu na mabawa. Baada ya mazoezi machache utaona kwamba namba fulani inapenda kwenda kushoto, siku zote. Bila namba ungejilaumu wewe au darubini. Ukiitazama kwa makini utakuta noki imeinama, au wano limepinda, au ncha imelegea. Ncha hulegea kila mara, kwa hiyo zikaze kwa vidole kila unapochomoa.

Mishale sita ya aina moja inatosha kuanzia. Wengine hununua tatu ya aina hii na tatu ya aina ile ili walinganishe, na nia ni njema, lakini mtu ambaye bado hajui kubonyeza triga bila kutikisika hawezi kujua ni mshale ndio umepotoka au ni yeye. Aina moja, sita, uzipige mpaka uzichoke.

Kisha ongeza wa saba, usio wa shabaha. Pinde nyingi za mtambo ukishazivuta haziwezi kulegezwa kwa mkono. Namna salama ni kufyatua mshale. Siku ikiisha na upinde umevutwa, unahitaji mshale ambao hujali ukichakaa, wa kupiga kwenye shabaha au kwenye udongo laini mbele yako. Watu huuchagua kutoka kwenye takataka: uliopinda, usio na ncha. Usifanye hivyo. Mshale wa kulegezea lazima uwe na noki sahihi na uzito kamili, kwa sababu upinde haujui kwamba huo ni wa kulegezea. Mabawa yakiwa yamechanika haidhuru, hauendi mbali.

Mishale itakwisha, huo ni uhakika. Utakapokwenda kununua mingine, duka litakuwa na inayofanana sana na yako, na atakuwepo wa kukuambia ni ileile. Kwenye kifuniko cha sanduku langu, upande wa ndani, nimebandika karatasi: urefu, tarakimu nne za wano, aina ya noki, uzito wa ncha, na uzito wa mshale mzima kama mizani ilivyosoma siku ulipokuwa mpya. Naipiga picha kwa simu kabla sijatoka nyumbani, na dukani naanza na mstari wa tatu.